Namna Nilivyoomba Dola 2,000 za Kupima Joto la Bahari, Nawe Uombe Zako

Ruzuku yangu ya kwanza ya utafiti ilikuwa dola 2,000. Ilinifikia ikiwa 1,962, maana benki zilizoipitisha njiani kila moja ilikata chake. Nilipoibadilisha kwa shilingi 2,285 nikapata shilingi 4,483,170. Naziandika tarakimu hizi zilivyo kwa sababu ndizo zilizobeba shahada yangu ya uzamili. Ada ilikwishalipwa na ufadhili wa masomo. Kilichokosekana kilikuwa nauli ya kwenda Paje, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, ujira wa ngalawa na vidude sita vya kupimia joto. Bila hivyo ningeandika tasnifu kwa takwimu za watu wengine, ilhali nilizaliwa hatua chache kutoka kwenye shamba la mwani.

Nawaandikia wadogo zangu mlioko vyuoni, hasa mnaosoma sayansi za bahari, misitu na kilimo, ambao mna swali zuri la utafiti lakini mfuko hauna kitu. Mifuko midogo ya hisani ipo, na inatafuta watu kama nyinyi. Wengi hawaipati kwa sababu huomba kama watu wanaoomba kusaidiwa maisha. Mfuko mdogo unataka kuona kazi moja, yenye mwanzo na mwisho, iliyokwama kwa kitu kidogo kinachojulikana bei.

Anza na swali, fedha zifuate

Kilimo cha mwani wa biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani zikiwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo. Mama yangu aliingia baharini miaka michache baadaye, kama walivyofanya wanawake wengi wa kwetu. Walipanda aina mbili. Spinosum ni mvumilivu lakini bei yake ndogo. Cottonii ina bei nzuri, ila maji yakipata joto sana hugeuka mweupe, hulegea, kisha hukatika kambani. Nilipokuwa mdogo niliiona cottonii ikianikwa mbele ya nyumba yetu. Nilipofika sekondari mama alikuwa hapandi tena ila spinosum, na nilipomuuliza alisema, "Bahari ya sasa inachemka."

Swali langu lilitoka hapo: je, cottonii ikipandwa kwenye kina, ambako haianikwi na jua maji yanapokupwa, itavuka msimu wa joto wa kaskazi?

Jaribu kulisema swali lako kwa sentensi moja kama hiyo, mbele ya mtu asiyesoma fani yako. Akikuuliza "kwa hiyo unataka kujua nini hasa?" basi bado halijaiva, na hakuna fomu ya maombi itakayoliivisha.

Bajeti huanzia siku moja ya kazi

Hapa ndipo nitakaa kwa muda, maana hapa ndipo wengi huanguka.

Mara ya kwanza niliandika bajeti nikiwa maktaba: "usafiri, shilingi 1,000,000, vifaa, shilingi 2,000,000, mengineyo, shilingi 500,000." Nilikataliwa. Mwalimu wangu aliitazama karatasi ile kisha akaniuliza, "Hii milioni moja ni gari gani, mara ngapi, kwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Akanituma Paje nikakae bamvua moja kamili nifanye kazi kama vile nimekwishapewa fedha, kwa kipimo kidogo, na niandike kila shilingi inayonitoka.

Bamvua, kwa wasiotoka pwani, ni siku ambazo maji hukupwa sana na kujaa sana, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Huja mara mbili kwa mwezi, na wakulima wa mwani hufanya kazi zao nyingi siku hizo kwa sababu mashamba yanafikika kwa miguu. Kwa hiyo ratiba yangu ya utafiti ilipangwa na mwezi. Miezi sita, kuanzia Novemba hadi Aprili ili kaskazi yote iingie ndani, ni bamvua 12. Kila safari siku nne.

Siku zile nne zilinipa bei halisi. Nauli ya gari ya shamba, yaani daladala ya vijijini, kwenda na kurudi, 6,000. Chakula nyumbani kwa shangazi ninakolala, 20,000. Wasaidizi wawili, akina mama wanaojua kufunga na kupima mwani, kwa 15,000 kila mmoja kwa siku, jumla 120,000. Ngalawa ya kwenda kwenye kina kwa siku mbili, 60,000. Safari moja ikawa shilingi 206,000, na safari 12 zikawa 2,472,000.

Baada ya hapo bajeti ilijiandika yenyewe:

- safari 12 za bamvua: 2,472,000
- vipima joto sita vinavyojirekodia vyenyewe kila nusu saa, dola 60 kila kimoja: 828,000
- mizani mbili za kuning'iniza: 90,000
- kamba, tai-tai (nyuzi za kufungia mwani) na vigingi: 310,000
- kemikali za maabara: 450,000
- mkutano wa kurudisha majibu kijijini: 250,000
- dharura: 200,000

Jumla shilingi 4,600,000, ambayo kwa bei ya dola ya wakati ule, 2,300, ilikuwa dola 2,000 kamili. Kikomo cha mfuko kilikuwa hicho hicho. Kusema kweli dharura yangu ilikuwa 220,000 kabla sijaipunguza ili nisivuke kikomo.

Tazama sasa ile dharura ilivyofanya kazi. Makato ya benki na kushuka kwa bei ya kubadilishia vilinipotezea shilingi 116,830 kabla sijagusa maji. Dharura ikazibeba, na bado zikabaki 83,170. Kama mfuko unaoomba hauruhusu mstari wa dharura, na ipo isiyoruhusu, piga hesabu yako kwa bei ya dola iliyo chini kidogo ya ile ya siku hiyo na uandike wazi kwamba ndivyo ulivyofanya. Waulize pia mapema nani anabeba makato ya kutuma.

Usiogope kwamba 6,000 ya gari ya shamba inaonekana ndogo mno kuandikwa kwa watu walioko nje. Anayesoma maombi 200 hajui Paje, lakini anajua kumtofautisha mtu aliyewahi kupanda gari hiyo na yule ambaye hajawahi.

Msomee mama yako

Maombi mengi huandikwa kwa Kiingereza. Mimi niliandika ya kwangu kwa Kiswahili kwanza, na siku moja jioni nikamsomea mama ukumbini. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kwenye kina tutafikaje, na wengi wetu hatujui kuogelea?"

Miezi miwili nilikuwa nimesoma makala juu ya joto na ukuaji wa mwani, na jambo hilo halikunijia hata mara moja. Mashamba ya ufukweni mwanamke huyafikia kwa miguu, maji yakiwa magotini. Ya kwenye kina yanataka chombo, yanataka nahodha, yanataka ujira wa nahodha. Hata kama mwani ungeota vizuri kiasi gani huko, ungemfaa nani? Nikaongeza sehemu ya pili kwenye utafiti: kurekodi saa na gharama za kila safari ya ngalawa, ili mwisho tulinganishe faida ya bei ya cottonii na gharama ya kuifuata. Ule mstari wa mkutano wa kurudisha majibu kijijini nao ulitoka kwenye swali lake la pili: "Na sisi tutaambiwa mlichokiona, au mtakwenda nacho?"

Barua ya kukubaliwa ilipokuja, mambo mawili yaliyosifiwa yalikuwa hayo hayo. Kwa hiyo nasema bila kusita: kabla hujampelekea msimamizi wako, msomee mtu ambaye utafiti wako unamhusu. Ukimsomea kwa lugha yake utagundua pia sentensi ambazo wewe mwenyewe huzielewi.

Na sentensi ya kwanza ichunge sana. Maombi yangu mawili yaliyokataliwa yalianza na mabadiliko ya tabianchi kuwa tishio kwa dunia nzima. Ni kweli, lakini kila mwombaji ameandika hivyo. Ya tatu yalianza hivi: "Cottonii haioti tena katika maji ya magoti kijijini Paje. Nataka kupima kama inaweza kuota kwenye kina cha mita tatu." Msomaji anajua papo hapo nini, wapi na kwa kipimo gani.

Ni mfuko upi unaokufaa

Mfuko wa hisani una kusudi lake, na kusudi hilo mara nyingi liko kwenye hati ya kuuanzisha. Hauwezi kulikiuka hata ukipendezwa na wewe. Mimi nilipoteza miezi minne nikiomba kwenye mfuko wa kuhifadhi viumbe walio hatarini, na mwani wangu ni zao la shambani. Walinijibu kwa upole kwamba haingii. Walikuwa sahihi. Soma ukurasa wa masharti mara tatu kabla hujaandika neno.

Kwa wa bahari katika ukanda wetu, pa kuanzia ni WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi. Ilianzishwa mwaka 1993 na makao yake makuu yako hapa Zanzibar. Mpango wake wa ruzuku unaoitwa MARG umesaidia watafiti wachanga wa ukanda huu kufanya utafiti, na pia kuhudhuria mikutano na mafunzo.

Kwa wa uhifadhi wa wanyama, ndege, misitu na mimea, kuna Rufford Foundation ya Uingereza. Ina jambo zuri ambalo hata asiyeomba kwao hunufaika nalo: huweka hadharani ripoti za miradi iliyokwisha kuifadhili. Chukua ripoti tatu za Tanzania au Kenya zinazokaribia kazi yako, uzisome kama unavyosoma kitabu cha mtihani. Utaona watu walivyopanga kazi, kilichoharibika na walivyokieleza. Fahamu tu kwamba wanataka kazi inayohifadhi. Utafiti wa kujua tu hautoshi kwao.

IDEA WILD ya Colorado, Marekani, haikupi fedha mkononi, inakupa vifaa vya utafiti wa bayoanuwai: darubini, kamera, GPS na mfano wa hivyo. Kama kilichokukwamisha ni kifaa, njia hiyo ina unafuu, kwa sababu hakuna mahesabu ya fedha ya kufuatilia. Sigma Xi, jumuiya ya kisayansi ya Marekani, imekuwa ikitoa ruzuku kwa wanafunzi tangu 1922, na kiwango chake cha kawaida ni hadi dola 1,000. Ukimaliza uzamili ukawa mtafiti mchanga, itazame na IFS, taasisi ya kimataifa ya sayansi iliyoanzishwa Stockholm mwaka 1972 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zetu.

Masharti na tarehe hubadilika, basi tazama mwenyewe kwenye tovuti zao. Na ukiona anayedai utume fedha kwa simu kwanza ndipo ruzuku yako "ifunguliwe," huyo ni mwizi.

Wadhamini, barua na sheha

Mwalimu wako ana wanafunzi wengi. Mwombe barua ya udhamini wiki sita kabla, umpelekee ukurasa mmoja wenye swali lako, bajeti na tarehe ya mwisho. Mkumbushe baada ya wiki tatu kwa adabu. Mdhamini wa pili asiwe mkubwa wa cheo asiyekujua. Awe mtu aliyekuona ukifanya kazi. Wa kwangu alikuwa fundi wa maabara aliyenifundisha kusafisha vyombo, na barua yake ilieleza kwamba sijawahi kuacha benchi chafu.

Barua ya utambulisho kutoka chuoni ichukue mapema, pamoja na vibali vinavyohitajika kwa eneo lako. Msituni utakutana na wakala wa misitu, hifadhini na mamlaka ya hifadhi, na kwenye utafiti wa afya za watu kuna idhini ya maadili inayoweza kuchukua miezi. Kwetu Unguja, hata ukiwa na mihuri yote, huanzi kazi kabla hujaenda kwa sheha, kiongozi wa serikali kijijini, na kwa kamati ya wavuvi. Nenda mwenyewe, usitume barua kwa mtu. Eleza utaweka nini baharini, wapi na mpaka lini. Mfuko mmoja ulinitaka niambatishe barua ya ukubali wa kijiji. Nilikuwa nayo tayari kwa sababu hiyo.

Fedha zikifika

Kama zinapitia akaunti ya chuo, utazichukua kwa masurufu, yaani fedha za kutangulia, na utatakiwa kufanya marejesho ya awamu ya kwanza, yaani kuonyesha kwa risiti ulivyozitumia, kabla ya kupewa ya pili. Uliza hili kabla hujasaini chochote. Mimi sikuuliza. Fedha zangu zilikaa ofisini wiki saba zikingoja saini moja, na bamvua tatu za mwanzo wa kaskazi zikanikuta mikono mitupu. Bahari haikungoji. Zile bamvua nilizifanya kwa mkopo wa kaka yangu, na wasaidizi wangu walikubali kulipwa baadaye kwa sababu walinijua tangu utotoni. Mgeni asingepata hisani hiyo. Basi pangeni tarehe ya kuanza angalau miezi miwili baada ya tarehe ya kutangazwa majibu, na mwulize mhasibu kwa maandishi fedha zitatoka kwa hatua zipi.

Risiti nazo zina mambo yake. Duka la kamba mjini litakupa risiti ya mashine. Nahodha wa ngalawa hatakupa. Nilichapisha karatasi za malipo zenye tarehe, kazi iliyofanyika, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, jina, namba ya simu, na nafasi ya saini au dole gumba. Kila jioni nilizipiga picha kwa simu na kuzituma kwenye barua pepe yangu, maana karatasi iliyolowa maji ya chumvi haisomeki. Daftari la matumizi lilikaa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na daftari la takwimu.

Mwezi wa nne kipima joto kimoja cha kwenye kina kilipotea, kamba imekatika. Nilikesha nikiwaza kama niseme. Asubuhi niliwaandikia wa mfuko: kimepotea tarehe fulani, data zilizohifadhiwa ni za mpaka bamvua iliyopita, vilivyobaki ni vitano, na nimebadilisha namna ya kuvifunga. Walijibu siku ya pili, mistari miwili: asante kwa kutuarifu, endelea. Mabadiliko yoyote ya bajeti au ratiba waambie kabla, wala usingoje ripoti ya mwisho.

Ripoti yenyewe iandike kwa utaratibu ule ule wa bajeti, mstari kwa mstari: ulisema nini, ukatumia nini, kwa nini vikatofautiana. Eleza na kisichoota. Kwangu, cottonii ya ufukweni ilikufa yote kufikia Februari, siku ambazo kipima joto kilionyesha zaidi ya nyuzi 35 adhuhuri maji yakiwa yamekupwa. Ya kwenye kina ilivuka, lakini gharama ya ngalawa ilikula sehemu kubwa ya faida pale mkulima alipokwenda peke yake. Walipokwenda wanne kwenye chombo kimoja, hesabu ilibadilika. Jambo hilo la wanne halikuwa kwenye andiko langu. Lilitoka kwa akina mama wenyewe, nikaliandika hivyo.

Zilibaki shilingi 31,000. Niliuliza nizirudishe vipi. Wakaniambia gharama ya kuzituma ni kubwa kuliko zenyewe, nizitumie kwenye mkutano wa kijiji na niwatumie karatasi ya malipo. Tulinunua maji na mandazi zaidi. Walikuja watu 43, mama akiwa ameketi mstari wa mbele, na mazungumzo yalikwenda mpaka alasiri juu ya nani ana chombo na nani anaweza kufundisha wanawake kuogelea. Mwaka uliofuata niliomba ruzuku ya pili, ya nauli ya kwenda kuwasilisha matokeo hayo kwenye mkutano wa kisayansi nje ya nchi, na nilichoambatisha ni ile ripoti ya kwanza. Majibu yalikuja ndani ya wiki tatu.

Vile vipima joto vitano vipo bado. Betri zake hubadilishwa kwa shilingi elfu chache, na kila mwaka mimi humwazima mwanafunzi mmoja. Sasa hivi viko Pemba na binti wa shahada ya kwanza anayepima mashimo ya kaa kwenye mikoko. Nilimtaka kabla ya kuvichukua aniletee bajeti ya siku moja ya kazi yake, na mstari wake wa kwanza ulikuwa nauli ya bodaboda kutoka Wete, kwenda na kurudi.